Neno Uchungu na Safari Yake

Kiswahili kina maneno yanayofanya kazi nyingi kwa mshahara mmoja, na katika hayo sijaona linalotumikishwa kama neno uchungu. Tunalitumia jikoni, hospitalini, makaburini, barazani na katika mikutano ya hadhara, na kila mahali linaitika. Majani ya mwarobaini yana uchungu. Mwiba ukikuchoma utasikia uchungu. Mwanamke aliyefikia siku zake hushikwa na uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Aliyenyang'anywa shamba lake husema kwa uchungu. Na mtu akitaka kumsifu mwenzake jukwaani, atasema huyu bwana ana uchungu na nchi yake, na watu watapiga makofi.

Katika miaka yangu ya kufundisha somo la Kiswahili nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi, na hasa na wageni wanaojifunza lugha yetu, inakuwaje kitu kibaya kama uchungu kiwe sifa ya mtu. Jibu la haraka ni kwamba ndivyo tunavyosema. Lakini jibu hilo halimtoshi mwenye akili, wala mimi halijapata kunitosha. Kwa hiyo nimekusudia kulifuata neno hili tangu ulimini hadi moyoni, nione limepita wapi na limebeba nini njiani.

Yafaa tuanzie kwenye ulimi, maana huko ndiko kila mtu alikokutana nalo kwanza. Waswahili wana maneno kadhaa ya ladha zinazoudhi, na mtu mzima hayachanganyi. Pilipili ni kali, nayo huwasha. Ndimu na siki pia ni kali, ingawa ukali wake si ule wa pilipili. Maziwa yaliyolala huchacha. Bibo la mkorosho na ndizi mbichi huacha ukakasi, ule mkwaruzo unaoufanya ulimi uwe kama umepakwa majivu. Uchungu ni kitu kingine kabisa. Uchungu haukwaruzi wala hauwashi. Unashuka nyuma ya ulimi, unakaa, na ukishakaa hauna haraka ya kuondoka. Ndiyo ladha ya shubiri, ya kwinini, ya mwarobaini. Ndiyo pia, kwa kiasi kidogo kinachovumilika, ladha ya mchunga na ya nyanya chungu. Sisi wa Tanga tuliolelewa kwa mchunga uliotiwa tui la nazi twajua kwamba kuna uchungu ambao mtu huukosa akiwa ugenini.

Hapa hapana budi niondoe tatizo dogo linalowasumbua wanaojifunza. Kuna chungu cha kupikia, nacho si ndugu wa uchungu. Mwezi wa Ramadhani watu wa pwani huhesabu siku za mfungo kwa kuuliza, "Leo chungu cha ngapi?" Mgeni mmoja aliwahi kunieleza kwa huruma nyingi kwamba ameelewa: kila siku ya njaa ni uchungu mmoja. Nilimwambia kuwa mawazo yake ni mazuri, ila kinachohesabiwa ni vyungu vya futari. Watu wa Lamu hawawezi kupatwa na mkanganyo huo, kwani wao huita uchungu utungu, kama vile wanavyoita kucheka kuteka. Ndiyo maana katika tenzi za kale za kaskazini utakutana na utungu mara nyingi kuliko uchungu. Maneno haya mawili yamefanana sauti huku kwetu kusini kwa bahati tu, kila moja limekuja kwa njia yake.

Nimetaja kucheka makusudi, kwa sababu neno hilo ndilo litakalotuongoza kwenye ukoo wa uchungu. Sisi husema cheka. Mganda husema seka. Mzulu husema hleka. Mgiriama husema tseka. Sauti ya mwanzo inabadilika kwa utaratibu unaofuatana katika maneno mengi, nasi twaweza kuutumia utaratibu huo kama mwindaji anavyotumia nyayo. Tukienda kwa Waganda kutafuta ndugu wa uchungu, tunatazamia neno lenye s, nalo lipo: obusungu. Maana yake ni hasira. Tukienda kwa Wazulu tunatazamia hl, nalo lipo: ubuhlungu. Maana yake ni maumivu. Na karibu yake lipo isihlungu, yaani sumu, kama ile ya nyoka. Tukirudi jirani kabisa, nyuma ya Mombasa na Malindi, kwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, tunatazamia ts, na hapo tunalikuta utsungu: uchungu, maumivu, na juu ya yote sumu ya mishale.

Tazama basi. Toka Kampala hadi Durban, watu ambao hawajaonana kwa mamia mengi ya miaka wamelihifadhi neno moja, kila mmoja akashika kipande chake. Huyu ameshika hasira, huyu maumivu, huyu sumu. Mswahili ameshika ladha, na maumivu, na huzuni, na mengineyo. Wataalamu wa lugha za Kibantu hukubaliana kwamba mzizi huu ni wa kale sana. Mimi ninachoongeza, na hili ni wazo langu, ni kwamba Kiswahili nacho huenda kilikuwa na vipande vyote, ila vingine vilipata wapangaji wapya. Sumu ni neno la Kiarabu. Hasira nalo limetoka Kiarabu, ingawa huko kwao maana yake ni majuto na simanzi zaidi kuliko ghadhabu. Huzuni ni la Kiarabu pia. Kila mgeni alipoingia alichukua chumba chake nyumbani mwa uchungu, na mwenye nyumba akabaki ukumbini, mahali ambapo vyumba vyote vinafunguka.

Turudi kwenye ile sumu, kwa sababu inatufunza jambo. Mti unaotoa sumu ya mishale katika nchi ya Wamijikenda huitwa mutsungu, na wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Ni mti wa kawaida, una maua meupe yanayonukia vizuri, mtu asiyejua angeweza kuukata kuni. Vipande vya mti huo huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yabaki kitu cheusi kizito kama lami, nacho hupakwa kwenye mshale na kufungwa kwa ngozi nyembamba kisikauke. Kilichomo humo huitwa ouabain, jina walilolitoa Wafaransa katika karne ya 19 kutokana na neno la Wasomali, ambao nao waliujua mti huo. Sumu hiyo husimamisha moyo. Wawata, wale wawindaji wa ndovu wa nyika za Tsavo, waliitumia kwa pinde ambazo mtu dhaifu hawezi kuzivuta, na ndovu mzima alianguka.

Mishale yenye sumu ndiyo silaha waliyokuwa nayo Wagiriama mwaka 1914, walipokataa kutoa vijana wao kuwa vibarua na kuhamishwa toka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuwalisha watu kiapo mwaka 1913, akakamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Serikali ya Waingereza ilijibu kwa kulipua Kaya Fungo kwa baruti, mnamo Agosti 1914, kisha kwa bunduki na kwa kuchoma nyumba. Husemwa katika vitabu kwamba Wagiriama walipigana kwa mishale ya sumu. Kwa Kigiriama ni kusema walipigana kwa utsungu, na anayesikia anasikia sumu na uchungu kwa pamoja, wala hahitaji kuchagua.

Kwamba uchungu na sumu viwe neno moja si ajabu, ukifikiri jinsi binadamu alivyojifunza kula. Mimea haina miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Mingi hujilinda kwa kutia sumu katika majani na mizizi yake, na ulimi wetu umeumbwa kuitambua. Wanasayansi wamegundua katika mwili wa binadamu aina zipatazo 25 za vipokezi vinavyohisi uchungu, wakati utamu una kimoja tu kikuu. Mtoto mchanga hajafundishwa na mtu, lakini ukimtonesha kitu kichungu mdomoni atakunja uso na kukitema. Uchungu ni mlinzi wa mlango. Kazi yake ni kuuliza, "Una hakika?"

Watu wetu walimsikiliza mlinzi huyo kwa makini. Chukua muhogo. Muhogo ulitufikia kutoka Amerika ya Kusini kwa mikono ya Wareno, nao uko wa aina mbili kubwa, mtamu na mchungu. Mtamu huchemshwa na kuliwa siku hiyohiyo. Mchungu una kitu kinachozaa sumu ya sianidi, na kwa kawaida uchungu ukizidi na sumu huzidi, ingawa si kila mara. Hata hivyo wakulima wengi waliupenda mchungu, kwa kuwa nguruwe na nyani hawaupendi, na huvumilia ardhi mbaya. Wakatafuta njia ya kuula: kuumenya, kuuloweka, kuuvundika, kuuanika mpaka uwe makopa, kisha kuutwanga. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na kila hatua ina sababu. Mama wa nyumbani humega kipande akakionja kwa ncha ya ulimi kabla ya kutia unga chunguni.

Taabu huja njaa inapofupisha siku hizo. Mwaka 1981, ukame na vita vilipoikumba Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, wengi wao watoto na wanawake, walilemaa miguu kwa muda mfupi na hawakuweza kutembea tena sawasawa. Mwaka 1985 jambo hilo likatokea kwetu Tarime, wakati wa ukame, likawapata watu zaidi ya 30. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Waliougua hawakuwa wajinga wa muhogo. Walikuwa wakijua kwamba unga bado mchungu. Bali hawakuwa na kitu kingine cha kula, wala siku za kungoja uwe mtamu. Nikisikia mtu anasema maisha machungu, huwakumbuka hao. Kwao maneno hayo hayakuwa mfano wa mshairi.

Sasa twaingia katika upande wa pili wa neno letu, ambao ni dawa. Binadamu yuleyule aliyefunzwa na ulimi kuogopa uchungu alijifunza pia kuutafuta. Shubiri ni shahidi mzuri. Utomvu wa mshubiri ulikuwa biashara ya Bahari ya Hindi kabla ya Uislamu na kabla ya miji yetu ya pwani kuitwa miji. Ule wa kisiwa cha Sokotra ulisifika kuliko wote. Jina lenyewe tumelipata kutoka kwa Waarabu, na katika lugha yao jina la shubiri na neno subira vimetoka katika mzizi mmoja. Nilipolijua hili nilielewa kwa nini wazee wetu hupenda kuviweka pamoja katika mazungumzo. Mama aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alipaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto alijifunza subira siku hiyo, na mama naye, kwa kilio atakachokisikia usiku kucha.

Nao mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, ulipewa jina la kutibu maradhi arobaini, na hakuna aliyeuamini kwa sababu ya harufu wala maua yake. Uliaminiwa kwa uchungu. Tuliokua miaka ya zamani twajua imani hiyo bila kuambiwa: dawa ni chungu, na ikiwa chungu zaidi ni dawa zaidi. Tunao usemi kwamba mla cha uchungu na tamu hakosi.

Imani hiyo ilipata nguvu zaidi ilipokuja kwinini. Ganda la mti wa sinkona lilitumiwa na watu wa milima ya Amerika ya Kusini kwa karne kadhaa, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakafanikiwa kuitoa dawa yenyewe katika ganda. Bila ya dawa hiyo Wazungu wasingeweza kukaa bara kwetu. Walikuwa wakifa kama nzi. Livingstone alikuwa na vidonge vyake mwenyewe vya kwinini iliyochanganywa na dawa za kuharisha. Mwanzoni mwa mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na mpagazi aliyetoroka, naye akaandika katika kumbukumbu zake kwamba ni kama amehukumiwa kifo. Aliishi miaka sita zaidi, akafa mwaka 1873 kwa Chitambo.

Wajerumani nao walipoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, walipanda sinkona miongoni mwa miti mingine mingi. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowakata na kwao, dawa ikatengenezwa kwa maganda ya miti hiyo. Baadaye walipofukuzwa hata Usambara, majeshi ya von Lettow-Vorbeck yalichemsha maganda na kunywa maji yake, na kwa mzaha yakauita mchemsho huo pombe ya Lettow. Waliosimulia wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba ulikuwa mchungu usio na mfano. Lakini wapagazi waliobebeshwa mizigo ya pande zote mbili, na waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao hawakupata hata tone la uchungu huo. Uchungu wao ulikuwa wa namna nyingine, nao umebaki katika jina la Kariakoo.

Baada ya Vita ya Pili ilikuja klorokwini, dawa iliyotengenezwa kwanza na Wajerumani mwaka 1934 na ambayo kwetu ilikuwa rahisi na nafuu hata madukani ilipatikana. Nani katika rika langu asiyeijua? Kidonge kikianza kuyeyuka kabla ya kumezwa, uchungu wake ulikaa mdomoni mpaka jioni. Watoto walishikwa mikono na kubanwa pua. Wengine baada ya kuimeza waliwashwa mwili mzima, na hata kuwashwa huko tulikuhesabu kuwa ni kazi ya dawa. Kwa muda wa miaka thelathini hivi ilitutumikia kwa uaminifu. Kisha vijidudu vya malaria vikajifunza kuishi nayo. Dalili za kwanza katika Afrika Mashariki zilionekana mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1990 mahali pengi dawa ilikuwa inashindwa.

Mwaka 1999 dada yangu alimpoteza mtoto wake wa kiume, wa miaka minne. Alikuwa amemezeshwa klorokwini siku tatu kamili, dozi yote, bila kutapika hata mara moja. Homa ilishuka, ikarudi. Siku ya tisa alifariki wakiwa njiani kumpeleka hospitali. Hakuna aliyezembea, kila mtu alifanya kama alivyoelekezwa, na maelekezo ndiyo yaliyokuwapo wakati ule. Siku ya tatu ya matanga, tulipokuwa tumekaa nyuma ya nyumba, dada aliniambia neno moja ambalo sijalisahau. Alisema, "Mdogo wangu, dawa ilikuwa chungu vilevile."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa miaka mingi. Alikuwa ameionja mwenyewe kabla ya kumpa mtoto, kama alivyofundishwa na mama yetu kuonja kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto. Ulimi ulimwambia kwamba dawa ni ileile, nao ulimi haukusema uongo. Ladha ilikuwa imebaki, kazi imeondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu na watu wanaojivunia kwamba wao husema maneno machungu, kana kwamba uchungu peke yake ni ushahidi wa kweli. Husemwa kwamba ukweli ni mchungu, na mara nyingi ndivyo. Lakini si kila kichungu ni kweli, kama ambavyo si kila kichungu ni dawa.

Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini na kuchukua SP. Watu wengi hawakuipenda, kwa kuwa haikushusha homa upesi, nayo ilimezwa mara moja tu, vidonge vitatu kwa mtu mzima, basi. Wakasema dawa gani hii ya mkupuo mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ambayo nusu yake hutoka katika mmea wa Kichina uitwao Artemisia. Dawa hiyo ilitafutwa na mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, na wenzake katika miaka ya 1970, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wanaosoma Biblia ya Kiswahili wanamjua ndugu wa mmea huo bila kujua kwamba wanamjua: ni pakanga, ambayo wafasiri waliifanya mfano wa uchungu wote, na hata nyota inayotia maji uchungu katika kitabu cha Ufunuo imepewa jina hilo. Kwa hiyo tumetoka kwenye ganda chungu la Amerika, tumefika kwenye jani chungu la China.

Na hapo ndipo likatokea la ajabu. Kuanzia mwaka 2009 ilitengenezwa dawa mseto ya watoto, inayoyeyuka katika maji, nayo imetiwa utamu wa matunda. Mtoto anaomba aongezewe. Dada yangu alikuwa wakati huo akijitolea katika zahanati ya kijijini kwao, kazi yake kuwaonyesha akina mama namna ya kuwapa watoto dawa na kuhakikisha hawaiachi njiani homa inaposhuka. Hakuwa muuguzi. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, akapewa semina ya siku chache. Akina mama wengine walimwuliza kwa mashaka, "Mama, hii si peremende? Mbona haina uchungu?" Naye aliwajibu, "Uchungu ninao mimi. Mpe mtoto dawa." Wenye kumjua walinyamaza.

Jibu hilo ndilo lililonipeleka mwisho wa safari ya neno letu, yaani moyoni. Tazama kwanza uchungu wa uzazi. Lugha nyingi zina neno la maumivu hayo, lakini sisi hatusemi tu kwamba mzazi anaumwa. Tunasema ameshikwa na uchungu, na mkunga huuliza uchungu umeanza lini, umekaribiana vipi. Ni uchungu pekee ambao kuja kwake kunangojewa, na kukawia kwake kunatia hofu. Kisha tuna methali kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa muda mrefu niliichukua methali hii kuwa inazungumzia siku ya kuzaliwa tu. Ninavyozidi kukua nauona upana wake. Uchungu wa siku ile unageuka kuwa kamba. Mtoto akianguka, mzazi huumia pasipo jeraha. Mtoto akifa, kamba haikatiki. Inabaki mkononi, haina kilichofungwa upande wa pili.

Aliyebaki na kamba hiyo ana njia mbili, na Kiswahili kinazitofautisha kwa majina. Akiifungia ndani na kuilisha usiku na mchana, itakuwa kinyongo, na kinyongo hatimaye huzaa chuki. Hapo uchungu umerudi kuwa sumu, kama ilivyo kwa Wagiriama na Wazulu, na kinachosimama kwanza ni moyo wa aliyeubeba. Njia ya pili ni kuifunga kamba kwa kitu kingine kilicho hai. Wala sisemi kwamba ni rahisi, au kwamba huzuni hupungua. Dada hajapata kusema kwamba imepungua. Ninasema tu kwamba lugha imeiona njia hiyo na kuiwekea alama, tena alama ndogo sana. Uchungu wa mtoto ni ule unaoupata kwa ajili yake. Uchungu na mtoto ni ule unaokufanya uamke usiku umtazame. Dada yangu ana uchungu wa mwanawe, na ana uchungu na watoto wa wenzake. Ni uchungu mmoja, ila kiunganishi kimebadilika.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Tunaposema kwamba mtu ana uchungu na nchi yake, hatumaanishi kwamba nchi imemkasirisha, wala kwamba anaipenda kwa maneno matamu. Tunamkopesha neno la mzazi. Tunasema kwamba nchi ikiumia yeye huumia, kama aliyeizaa. Ndiyo maana ni sifa kubwa, na ndiyo maana inauma kuisikia ikitolewa ovyo. Siku hizi haipiti kampeni ya uchaguzi bila wagombea kadhaa kutangaza uchungu walio nao na wananchi, wengine wakiwa wamefika kijijini asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza. Mimi si mwanasiasa, nami sina ugomvi na mtu. Lakini kwa kuwa nimeishi na neno hili muda mrefu, najua kwamba lina masharti yake. Mzazi haulizwi kama ana uchungu. Anaulizwa mtoto alikula nini jana. Basi anayejitangaza naye aulizwe vivyo hivyo: maji ya kisima hiki yanatoka au hayatoki, zahanati ina dawa au haina, muhogo wa mwaka huu ulivundikwa siku ngapi.

Wanaoandika kamusi huzipanga maana za uchungu kwa namba: moja ladha, mbili maumivu, tatu huzuni au hasira, na kadhalika. Sina lawama kwao, kwani kamusi lazima ipange. Ila ningewaomba walimu wenzangu wasiishie kwenye namba hizo wanapolifundisha neno hili. Waanze na jani la mwarobaini, kila mwanafunzi atafune kidogo. Kisha wawaache wakae kimya dakika moja, wausikie ukishuka na kukaa, kabla ya kufungua daftari.